Ofisi ndogo, watu wa kujitegemea 14, fungu la 1,200,000: tuwapongeze vipi kwa namna yenye maana kwao?

KaratasiNaWino (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu.

Ofisi yetu iko Dar. Tunachapisha vitabu vya watoto na kuandaa ripoti za mashirika. Waajiriwa tupo 9 tu, kazi kubwa inabebwa na watu wa kujitegemea 14: wafasiri 5, wahariri 3, wachoraji 3, wapangaji kurasa 2 na mpiga picha 1. Wote wako Dar, isipokuwa mfasiri mmoja yuko Mombasa. Bila hawa hakuna kitabu kinachotoka, na mwaka huu uongozi umekubali tuwafanyie sherehe ya shukrani.

Mpango wa awali ni huu:

Chakula cha mchana hotelini, watu 23 × 30,000 = 690,000
Fulana zenye nembo ya ofisi, 14 × 15,000 = 210,000
Vyeti vya shukrani kwenye fremu, 14 × 10,000 = 140,000
Keki na mapambo = 160,000

Jumla 1,200,000. Siku ni Ijumaa ya pili ya Desemba, saa 6 mchana mpaka saa 10 jioni.

Naomba maoni ya wanaofanya kazi za kujitegemea, au wanaofanya nao kazi kwa karibu. Je, hivi ndivyo mtu angependa kushukuriwa? Na kama kuna cha kubadilisha, kibadilike nini?

MezaYaPembeni

Nia ni njema sana, na ofisi zinazofikiria jambo hili ni chache. Ila nianze na hesabu, maana hapo ndipo sherehe nyingi za aina hii zinapokosea.

Mtu wa kujitegemea halipwi siku ambayo hajafanya kazi. Chukua mfano wa mpangaji kurasa. Nyumbani anahitaji 900,000 kwa mwezi. Kazi yenyewe inamla 300,000: bando, Luku, matengenezo ya kompyuta, programu anazolipia, nauli za kufuata wateja. Anaweka akiba 200,000 ya ugonjwa na ya miezi isiyo na kazi. Jumla 1,400,000. Mwezi una siku za kazi kama 22, lakini siku za kulipwa haziwezi kuwa 22. Nyingine zinaishia kwenye kutafuta kazi, kuandika makadirio, kufuatilia malipo na kurekebisha kazi ya nyuma. Akipata siku 14 za kulipwa amejitahidi. 1,400,000 kwa siku 14 ni 100,000 kwa siku.

Sasa mmemwita kuanzia saa 6 mpaka saa 10. Ongeza foleni ya kwenda na kurudi, siku imeisha. Mmemlisha sahani ya 30,000 na yeye ameacha mezani kazi ya 100,000, au atakesha usiku kuifidia. Hatawaambia hivyo. Atakuja, atatabasamu kwenye picha, kwa sababu ninyi ni wateja wake na hataki kuonekana hana shukrani.

Sisemi msiwaite. Wengi wao wanafanya kazi peke yao chumbani na hawajuani. Mchoraji wa kitabu na mfasiri wa kitabu hicho hicho wanaweza kufanya kazi miaka bila kuonana. Kuwakutanisha ni zawadi kubwa. Lakini iwe saa 2 tu, kila mtu apewe nauli, na sehemu kubwa ya fungu iingie mfukoni mwao.

Tarehe nayo ibadilike. Desemba wapangaji kurasa wanazama kwenye kalenda, shajara na kadi, na mpiga picha Ijumaa anajiandaa kwa harusi za Jumamosi. Jumanne au Jumatano ya mwisho wa Januari ni bora zaidi: kazi zimepungua, ada za shule zimewabana, na pesa yoyote itakayoingia wakati huo inaonekana. Mkitaka siku yenye maana yake, kuna 30 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 2017, na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Ila 7 Julai ni Sabasaba, na mpiga picha huenda akawa na kazi ya maonyesho.

Fulana zenye nembo yenu ziondoeni kabisa. Huyu mtu ana wateja wengine. Hawezi kwenda kwa mteja mwingine amevaa jina la ofisi yenu kifuani.

Mhasibu_wa_Mtaani

Kabla ya pilau na keki, swali moja: mna ankara ngapi za hao 14 ambazo hazijalipwa, na ya zamani kuliko zote ina siku ngapi?

Kama ipo hata moja iliyopita siku 30, ilipeni kabla ya kutuma mwaliko. Kumwalika mtu kwenye shukrani huku mna deni lake kunamuumiza mara mbili, maana ataona pesa ya keki ipo na yake haipo.

KaratasiNaWino

Mkuu, umenigusa penyewe. Zipo tatu, jumla 1,850,000. Ya zamani ina siku 74. Sababu ni kwamba shirika tuliloliandalia ripoti bado halijatulipa. Nini kinafanyika katika hali hiyo?

Mhasibu_wa_Mtaani

Ahsante kwa kusema wazi. Tuanze na deni, kisha hiyo zawadi yenyewe kikodi.

Mfasiri hana mkataba na shirika. Ana mkataba na ninyi. Alipokabidhi kazi mkaipokea, deni likawa lenu. Tatizo limeanzia nyuma, kwenye jinsi mnavyomtoza mteja mkubwa. Ukikubali kazi ambayo malipo yote yanakuja mwishoni, unawageuza wafasiri wako kuwa benki yako isiyo na riba. Kwa kazi inayofuata gawanyeni malipo hivi: 40% mkataba ukisainiwa, 30% rasimu ikikabidhiwa, 30% kazi ikikamilika. Hiyo 40% ya mwanzo iende kwenye fungu la watu wa nje na isiguswe kwa kodi ya pango wala mishahara. Kama ada za watu wa nje kwenye kazi hiyo hazizidi 40% ya bei yote, mnaweza kumlipa kila mmoja ndani ya siku 14 hata shirika likichelewa miezi 3.

Kwa hizo tatu za sasa, msitafute kuzilipa kwa mkupuo kama uwezo haupo. Mpigie kila mmoja simu, mpe tarehe mbili, nusu na nusu, kisha mwandikie barua pepe yenye tarehe hizo hizo. Kinachomtesa zaidi ni kutojua lini.

Mara nyingi ankara inakwama kwa sababu ndogo ndogo ambazo hakuna anayezisema, zikagueni na zenyewe:

Jina kwenye ankara halifanani na jina lililosajiliwa kwenye TIN. Namba ya simu ya malipo imesajiliwa kwa jina la ndugu, mhasibu anaogopa kutuma. Ankara haina namba ya oda ya kazi. Na kubwa kuliko zote, hakuna mtu aliyeandika kwamba kazi imepokelewa, kwa hiyo siku 30 hazijulikani zilianza lini. Dawa ya hili la mwisho ni ujumbe wa mstari mmoja: "Tumepokea tafsiri ya sura ya 1 mpaka ya 6, tumeikubali leo, ankara yako italipwa kabla ya tarehe 28." Mtu wa kujitegemea akipata ujumbe huo analala usingizi.

Sasa zawadi. Mkiamua kutoa pesa, msiiandike "zawadi" kwenye vitabu. Unayempa ni mtoa huduma wako, na pesa inatokana na huduma, hivyo iandikeni kama nyongeza ya ada ya huduma. Kwa Tanzania ada ya huduma za kitaalamu kwa mkazi ina kodi ya zuio (kodi anayoikata mlipaji kabla ya kumlipa mtu) ya 5%, nanyi mnapaswa kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mkitaka apokee 50,000 kamili, fungu si 50,000. Ni 50,000 gawanya kwa 0.95, yaani 52,632. Kodi ni 2,632, mkononi inafika 50,000.

Mfasiri wa Mombasa si mkazi wa Tanzania, zuio lake ni 15%. 50,000 gawanya kwa 0.85 ni 58,824. Huyu angalieni pia ankara zake za kawaida: je, mlipokubaliana bei mlimwambia ni kabla ya kodi au baada ya kodi? Kama hamkusema, kila malipo anapungukiwa 15% ambayo hakuipigia hesabu.

Na hati za kodi ya zuio, tafadhali wapeni. Ile 5% kwa mkazi ni kodi iliyolipwa mapema kwa jina lake. Anaikata kwenye kodi yake ya mwaka. Asipokuwa na hati anailipa mara ya pili. Ofisi nyingi zinakata, zinawasilisha, na hati zinabaki kwenye droo. Kila mmoja apewe hati zake zote za mwaka ndani ya bahasha moja. Kwa mfasiri aliyelipwa 6,000,000 kwa mwaka, bahasha hiyo ina thamani ya 300,000, na kwenu haina gharama yoyote.

KalamuYaPwani

Salaam kutoka Mombasa. Naongeza upande wa Kenya, maana wapo wasomaji wa huku wenye ofisi kama yenu.

Huku zuio la ada za kitaalamu kwa mkazi ni 5% vilevile, ila linaanza pale malipo ya mwezi yanapofika shilingi 24,000 za Kenya au zaidi. Mlipaji huwasilisha KRA, mamlaka ya mapato ya huku, ndani ya siku 5 za kazi tangu kukata, na cheti hutoka kwenye iTax, mfumo wake wa mtandaoni. Ankara iwe ya eTIMS, yaani ya kielektroniki kupitia mfumo wa KRA, la sivyo ofisi haitaweza kuihesabu kama gharama wakati wa kodi. Mchoraji asiye na kompyuta ya kudumu anaweza kuitoa kwa simu kupitia *222#. Mkitaka kumshukuru mtu kwa kitendo, mkalisheni mtu wa ofisi naye nusu saa, amuonyeshe jinsi ya kuitoa. Wengi hupoteza kazi kwa kukosa hatua hiyo moja tu, na si kwa kukosa ufundi.

Zawadi nyingine ya kufaa huku ni mchango wa SHA, bima ya afya ya jamii ya Kenya. Mtu aliyejiajiri hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango ni 2.75% ya kipato kama kilivyokadiriwa, na hakiwezi kuwa chini ya 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Huo mkupuo ndio huwashinda wengi, maana pesa za kazi za kujitegemea huja kwa vipande. Muulizeni mwenyewe kadirio lake, alitazame kwa *147#, kisha mmtumie kiasi hicho. Msilipe bila kumuuliza, huenda yuko tayari chini ya mwenzi wake.

Kwa dada wa huku aliye mfasiri wenu: msimtumie ujumbe wa "pole hukuweza kufika". Mpeni kilekile wanachopata wenzake, siku ileile, na mtu wa ofisi ampigie simu wakati wenzake wamekaa, awasalimu. Dakika 10 zinatosha.

NenoKwaNeno

Nije kwenye vyeti. Cheti cha "Shukrani kwa mchango wako" kwenye fremu ya 10,000 hakimfungulii mtu mlango wowote. Badala yake mpeni karatasi mbili ambazo anahangaika kuzipata mwaka mzima.

Ya kwanza ni barua ya kazi, kwenye karatasi yenye nembo, sahihi na muhuri. Isiwe "ni mchapakazi na mwaminifu". Iandikwe kwa vipimo. Mfano:

"Tunathibitisha kwamba (jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho) ametufanyia kazi ya tafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili tangu Februari 2023. Katika kipindi hicho ametafsiri vitabu 7 vya watoto na ripoti 4, jumla ya maneno 182,000 ya matini chanzi (ya Kiingereza). Kazi zote alizikabidhi ndani ya muda, isipokuwa moja iliyochelewa siku 2 kwa makubaliano. Kwa uthibitisho wasiliana na (jina na cheo cha anayepokea simu)."

Hiyo anaipeleka kwenye zabuni, ubalozini, na kwa mteja mpya. Ule mstari wa siku 2 usiondolewe. Barua isiyo na doa hata moja haiaminiki.

Ya pili ni taarifa ya malipo ya mwaka: tarehe, namba ya ankara, kiasi kabla ya kodi, zuio, kiasi kilicholipwa. Ukurasa mmoja unatosha. Mwajiriwa ana hati ya mshahara, huyu hana chochote. Akienda kuomba mkopo wa kununua kompyuta au kukodi nyumba, anaulizwa kipato chake anatoa miamala ya simu iliyochanganyika na michango ya harusi. Mhasibu wenu anaweza kuzitoa zote 14 kwa asubuhi moja kama vitabu viko sawa.

Kisha majina. Fungueni vitabu mlivyochapisha miaka 3 iliyopita, mtazame ukurasa wa hakimiliki. Mwandishi yupo. Mchapishaji yupo, mpaka namba ya sanduku la posta. Mfasiri yupo? Mchoraji wa jalada? Mpangaji kurasa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kimaadili ya kutajwa kwenye kazi yake, na mchoraji na mfasiri ni watunzi kwenye sehemu zao. Pale ambapo jina liliachwa, wekeni kwenye chapa ijayo. Ni mistari minne tu kwenye faili, haiongezi karatasi:

Mfasiri:
Mhariri:
Michoro na jalada:
Mpangilio wa kurasa:

Jina la mfasiri wa kitabu cha watoto linastahili pia kukaa kwenye ukurasa wa ndani wa kichwa, chini ya jina la mwandishi. Mtoto anayesoma Kiswahili kile anasoma maneno ya mfasiri.

Mpeni pia kila mmoja ruhusa ya maandishi ya kuonyesha kazi: jalada na kurasa 3 za ndani, baada ya kitabu kuingia sokoni. Wachoraji wengi wana kazi nzuri zimefungwa kwenye kompyuta kwa sababu hawajui kama wanaruhusiwa kuzionyesha.

La mwisho linawahusu wafasiri wenu 5. Angalieni mkataba: mnahesabu maneno ya Kiingereza au ya Kiswahili? Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja. "Nitakupigia" ni neno moja. Kiingereza kingehitaji manne: mtendaji, wakati, tendo, mtendwa. Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili karibu kila mara ina maneno machache kuliko matini chanzi, na mnapolipa kwa hesabu ya Kiswahili mnamkata mtu kadiri anavyotafsiri kwa Kiswahili kizuri na cha kubana. Wengine, ili wasipungukiwe, wanaanza kuandika "mimi nitaweza kukupigia wewe". Lipeni kwa maneno ya matini chanzi, na bei ijulikane kabla kazi haijaanza. Kama mlikuwa mnahesabu kwa Kiswahili, kubadilisha mstari huo kwenye mkataba kunazidi karamu yoyote.

RangiTatu

Naunga mkono NenoKwaNeno, niongeze la wachoraji maana naona limepita haraka.

Kinachommaliza mchoraji ni marekebisho yasiyo na mwisho. Utaratibu unaoheshimu kazi yake una vituo vitatu. Kwanza vijipicha vidogo vya kurasa zote, kuonyesha nani yuko wapi na maandishi yatakaa wapi. Ofisi inakubali kwa maandishi. Pili penseli kamili. Inakubali tena. Tatu rangi. Kubadilisha kwenye penseli ni dakika 20, baada ya rangi ni siku nzima. Kwa hiyo mkataba useme mizunguko 2 ya marekebisho imo ndani ya bei, na badiliko lolote la umbo baada ya rangi linatozwa upya.

Mambo huharibika pale mkurugenzi anapoiona kazi kwa mara ya kwanza ikiwa na rangi tayari, kisha anasema mama avae kitenge badala ya gauni. Kitenge kina ruwaza, na ruwaza lazima ifuate mikunjo ya nguo kwenye kurasa zote alizomo huyo mama. Kwenye kitabu chenye kurasa 24 huo ni wiki ya kazi inayoombwa bure. Mwenye neno la mwisho aone penseli, na jina lake liandikwe kwenye mkataba.

Siku anapoanza apewe pia vipimo vya mpiga chapa: ukubwa wa ukurasa, milimita 3 za kukatia kila upande, dpi 300 (nukta kwa inchi), rangi za CMYK, yaani za uchapaji. Akichora kwanza kwa RGB, yaani rangi za skrini, ile bluu kali na kijani cha majani mabichi vinafifia kwenye karatasi, na anayelaumiwa ni yeye.

JikoLaMama

Nyote mmesahau watu wawili. Nani anapeleka prufu (nakala za kukagua) kwa mpiga chapa kwenye mvua? Nani anakuja umeme ukileta shoti siku ya mwisho ya kukabidhi? Kama ofisi ina bodaboda wake wa kila siku na fundi umeme anayeitwa saa yoyote, hao nao ni watu wa kujitegemea. Waketi meza hiyo hiyo.

Na chakula msikipeleke hotelini. Karibu na kila ofisi Dar kuna mama lishe, naye amejiajiri, na pengine anawalisha kila siku. Mpeni yeye kazi. Sahani ya 7,000 kwa pilau ya nyama, kachumbari, ndizi na juisi ni bei ya heshima kwa oda kama hii. Mlipeni nusu siku 2 kabla, maana anakwenda sokoni kwa pesa taslimu, na nusu siku yenyewe kabla hajaosha sufuria.

Makadirio ya watu 24, pikeni sahani 28. Mchele kilo 4 (kilo moja inashibisha watu 7), nyama kilo 4 yenye mifupa kiasi ili supu iwe na ladha, viazi kilo 2, vitunguu maji kilo 1 na nusu, mafuta robo tatu ya lita, tangawizi na thomu robo kilo kila kimoja kabla ya kumenya. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia iliyoiva, ndiyo rangi ya pilau. Vikiishia njano pilau inatoka nyeupe. Vikiungua, inakuwa chungu na hakuna cha kuiokoa. Supu lita 7 kwa mchele wa zamani. Mchele mpya wa msimu unashika maji haraka, anzeni na lita 6, la sivyo mnapata bokoboko. Maji yakikauka, funika na palia makaa juu ya mfuniko dakika 20.

Muulizeni mapema nani hali nyama. Na kama tarehe mtakayochagua itaangukia Ramadhani, badilisheni iwe futari, au sogezeni mbele.

KaratasiNaWino

Wakuu, sina cha kusema zaidi ya ahsante. Nimekaa na uongozi jioni hii. Mpango mpya ni huu:

Tarehe ni Jumatano ya mwisho wa Januari, saa 6 na nusu mpaka saa 8 na nusu, ofisini. Ankara tatu: moja inalipwa yote wiki hii, mbili nusu wiki hii na nusu tarehe 15 Desemba. Zimeshaandikiwa barua pepe. Fulana, fremu na keki zimeondoka.

Nyongeza ya ada, watu 13 × 52,632 = 684,216
Mfasiri wa Mombasa = 58,824
Bodaboda na fundi umeme, 2 × 50,000 = 100,000
Chakula, sahani 28 × 7,000 = 196,000
Nauli, watu 14 × 8,000 = 112,000
Ya kutolea, watu 16 × 2,500 = 40,000

Jumla 1,191,040. Zinabaki 8,960 za bahasha na karatasi nzuri za barua.

Tumekagua mikataba ya wafasiri. Tulikuwa tunahesabu maneno ya Kiswahili. Kuanzia Januari ni matini chanzi. Vitabu 11 havikuwa na jina la mchoraji, tumeviandikia orodha kwa ajili ya chapa zijazo.

Kuna kitu nimekosea?

Mhasibu_wa_Mtaani

Hesabu imekaa vizuri. Mambo mawili.

Ya kutolea msiipangie 2,500 kwa wote. Kila mtandao una jedwali lake, na wengine mnawalipa benki, hao hawahitaji. Waulizeni sasa, kabla ya Januari, kila mmoja anataka kupokea wapi: benki, simu, au lipa namba ya biashara. Kwenye lipa namba makato yanaweza kumwangukia yeye, kwa hiyo muulizeni pia hilo. Mtakachookoa hapo muongeze kwa fundi na bodaboda.

Pili, pesa ziingie asubuhi ya siku hiyo, kabla hawajatoka nyumbani. Mkizituma jioni baada ya chakula watakaa mezani wakijiuliza kama zipo. Na kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye simu ulilinganishe na jina la kwenye ankara, mtu mmoja mmoja, wote 16. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inakwenda kwa mgeni, na kuirudisha kunaweza kuchukua siku kadhaa wakati mwenyewe ameshaambiwa imetumwa.

KalamuYaPwani

Na ya Mombasa itumeni siku moja kabla. Muamala wa kuvuka mpaka ukisimamishwa kwa uhakiki, bado mna muda wa kuufuatilia ili dada apokee pamoja na wenzake. Yeye mtumieni kiasi kwa shilingi za Kenya kilichokwisha kubadilishwa, na mumwandikie kiwango mlichotumia.